Aabo, Hukuomba Lifti

Aabo,

Amani ikufikie, baba yangu, huko chini ya mchanga wa Bura, ambao wewe ulisema kila mara kwamba hauna ubaya na miguu ila una chuki na matairi.

Najua utaguna ukisikia nakuandikia kwa Kiswahili. Hata mama yangu, Hooyo, ameniuliza kwa nini nisikae tu nikuombee dua kama mabinti wa watu. Dua nakuombea kila swala. Lakini barua kati yako na mimi zimekuwa za Kiswahili tangu zamani. Uliuza ngamia jike nikasomee ualimu, ukawaambia waliokucheka kwamba nyumba yako inahitaji angalau mtu mmoja wa kusoma yale ambayo serikali inaandika. Tangu hapo kila karatasi iliyotoka kituoni ilinijia mimi. Ulikuwa unaketi juu ya jerikeni lako la bluu, unafumba macho, unasema, "Soma bolebole, Halima. Barua ikisomwa mbio inadanganya." Mimi nilikucheka kwa hiyo bolebole yako, nawe ukanicheka kwa Kisomali changu kilichochakaa huko Galbet ninakofundisha.

Leo mwandishi ni mimi. Keti kwenye jerikeni lako. Sitakimbia.

Mwaka mmoja na miezi mitano imepita. Ngamia wako mwekundu amezaa. Hooyo bado anapika chai ya watu wawili, halafu anaikasirikia sufuria. Mdogo wako, Adeer Hassan, ndiye anayeangalia mifugo sasa, na goti lake limekwisha kabisa, lakini fimbo hataki, kwa sababu anasema fimbo ni ya wazee. Wewe ungemtania mpaka aondoke akinung'unika. Sisi hatuna moyo wa kumtania.

Hayo ni ya nyumbani. Ya serikali ni swali moja tu, nalo ndilo linalotusumbua tangu ututoke: asubuhi ile ulikuwa kazini, au hukuwa kazini?

Mwanzoni tuliona ni swali la kipuuzi. Kumbe ndilo mlango wenyewe. Aliyefia kazini ana jina, ana faili, watu wake wana haki ya fidia, na watoto wake wanaambiwa baba yenu alikuwa mtu wa maana. Asiyekuwa kazini ni mtu tu aliyepita pale ambapo bomu lilipita.

Miaka kumi na tisa ulikuwa polisi wa akiba, Aabo. Mshahara hukuwa nao, ulikuwa na sare moja, buti zilizokubana, na bunduki uliyoipokea kwa dole gumba. Ulilinda kisima, ukalinda shule, ukawalinda hata maafisa wenyewe waliotoka bara na kuuogopa mchanga. Unakumbuka siku walipokusanya bunduki zenu, wakasema wanataka kuwapiga msasa upya kabla ya kuwarudishia? Ulirudi nyumbani na karatasi. Nikakusomea: bunduki aina fulani, namba fulani, imepokelewa ikiwa nzima. Ukaniuliza, "Na mimi? Namba yangu iko wapi hapo?" Nikatafuta juu, nikatafuta chini, nikageuza nyuma. Haikuwepo. Ulicheka, ukasema labda wewe hukupokelewa ukiwa mzima. Mimi pia nilicheka, na sasa kicheko hicho kinanichoma.

Bunduki waliichukua, lakini simu hawakuacha kupiga. Msasa haukuja, amri ikawa kwamba akiba wasitumiwe mpaka orodha mpya itoke, na kila barabara ilipoharibika waliokuwa na orodha walimtafuta mzee asiyekuwa kwenye orodha. Hooyo alikuambia uache. Ulimjibu kwamba njia ya chini unaijua wewe, na kwamba mtu haachi wageni wapotee mlangoni kwake.

Simu yako ninayo. Ile mulika mwizi yenye mpira kiunoni. Ulijua tarakimu, herufi hukuzijua, kwa hiyo niliwahifadhi watu wako kwa namba. Moja alikuwa Hooyo. Mbili mimi. Tatu ulisema nimpe Koplo Wekesa, na Adeer Hassan akawa wa nne. Adeer alinuna wiki nzima kwa kuwa mgeni amempita ndugu wa tumbo moja. Ulimwambia, "Wewe nikikutaka nabiga kelele tu, unasikia."

Koplo Wekesa. Acha nimseme bila matusi, maana ulinikataza kumtukana mtu aliyekula kwetu. Alipoletwa Bura alikuwa hawezi kulala kwa joto. Maziwa ya ngamia yalimtapisha mara ya kwanza, ya pili akaomba kikombe kingine. Hooyo alimwita mwanangu. Yeye ndiye aliyenijazia fomu ya chuo, kwa sababu mimi niliogopa kuiharibu. Ule mwandiko wake uliusifu japo hukuweza kuusoma: herufi zimelala kidogo upande mmoja, na kila k ina mkia mrefu ambao dikidiki angeuonea wivu.

Asubuhi ile shule zilikuwa zimefungwa na mimi nilikuwa nyumbani. Ulikuwa msikitini kwa swala ya alfajiri, simu ikalia ikakosa mwenyewe, kisha ukaingia ujumbe. Uliporudi ulinipa nikusomee kama kawaida. Nilisoma polepole: "Mzee tunakupitia saa kumi na mbili. Barabara ya juu imekatika. Bosi amesema utuongoze ya chini." Juu ya ujumbe kulikuwa na ile namba tatu, ya Koplo. Ulivaa lile koti la kijani, maana sare walikwisha kuchukua, ukaniachia simu kwa sababu huko mbele hakuna mtandao. Ukaniambia nimkumbushe Hooyo kuhusu chumvi ya ngamia. Ndiyo maneno ya mwisho uliyonipa. Chumvi.

Magari yalikuwa mawili. Wewe ulikaa mbele katika la kwanza, kando ya dereva, kijana wa Kitui. Koplo alikuwa katika la pili. Kwenye laga, mahali unapovuka ule mkondo mkavu, bomu lilikuwa limefukiwa.

Wewe na yule kijana mlikufa kwenye kiti kimoja, kwa dakika moja. Yeye alipelekwa kwao, akazikwa kwa heshima za polisi, bunduki zikapigwa hewani, mama yake akashikwa mkono na wakubwa. Sina wivu naye, Mungu amrehemu, angekuwa hai ningemkaribisha chai. Nauliza tu, kiti kilikuwa kimoja. Kilimfanya yeye askari na wewe abiria kwa upande gani?

Wewe tulikuzika kabla ya magharibi, kama sisi tunavyozika. Siku ya tatu Koplo alikuja na gari la kituo. Walileta fahali mweusi, magunia ya mchele na sukari, na turubai. Alilia, Aabo. Alilia machozi ya kweli, siwezi kumkanushia. Akamwambia Hooyo, "Mama, Mzee alikuwa mtu wetu. Hatutamsahau." Wazee wakaangaliana.

Na hapa ndipo tulipokosea, kosa ambalo hata sasa nikilieleza ofisini wananitazama kama mtu anayesimulia ndoto. Kwetu, damu ikimwagika, ukoo unaohusika huleta kwanza mnyama na chakula cha mazishi. Maana yake inajulikana: tumekubali, mtu wenu yuko shingoni mwetu, tutarudi tukae nanyi tuzungumze mag, fidia ya damu yake. Na wewe ukishapokea huna haki ya kudai. Unangoja. Kumfuata mtu aliyekwisha kukubali ni kumwita mwongo mbele ya watu.

Adeer Hassan alimshika yule fahali pembe, akasema imekwisha, serikali imekubali. Mimi nilimwambia nataka kuandika barua, kwamba maofisi yana siku zake za kupokea madai. Alinijibu mbele ya wazee, "Usiandike. Wameleta fahali. Utawatukana." Nikanyamaza. Mimi, uliyeniuzia ngamia nikasome, nilinyamaza kwa adabu. Sijui kama utanisamehe hilo, maana mimi sijajisamehe.

Tukawangoja. Hooyo alinunua glasi kumi na mbili mpya za chai, kwa hesabu ya wajumbe, akaziweka kwenye boksi lake bila kuzifungua ili zisipate vumbi. Kila Alhamisi alifagia uwanja mpaka ukang'aa. Adeer alikuwa ameandaa maneno yake, nilikuwa namsikia akiyarudia kwa mbuzi. Ramadhani ikaja ikapita. Idi ikapita. Mvua ikanyesha ikaisha. Gari la kituo lilipita mbele ya lango mara nyingi sana, na kila lilipopunguza mwendo Hooyo alijifunga shungi upya. Lilikuwa linapunguza mwendo kwa ajili ya mashimo.

Mwaka ulipopinduka nilikwenda mwenyewe ofisi ya leba, ile ya mambo ya kazi, mjini Garissa, bila kumuaga Adeer. Aliyenipokea ni mama mmoja mpole. Aliniuliza mwajiri wako nani, nikasema polisi. Akauliza namba yako ya kazi, nikamwonyesha ile karatasi ya bunduki. Aliisoma, akaniambia hii namba ni ya bunduki. Nikasema najua. Akanieleza kwamba mtu anayejitolea hana njia nyepesi katika sheria hizi, kwamba muda wa kuleta dai umepita, na kwamba juu ya yote kuna taarifa ya kituo katika faili la bomu lile. Badala ya kunisomea akaligeuza faili upande wangu.

Nilisoma polepole, Aabo, kama ulivyonifundisha. Ilisema kwamba marehemu alikuwa raia, mkazi wa Bura, aliyeomba lifti kwenda kwa mifugo yake.

Aliyeomba lifti.

Mwandiko ulikuwa umelala upande mmoja. Neno "kwenda" lilikuwa na k yenye mkia mrefu. Sikuhitaji kutafuta sahihi.

Nilikuwa tayari kwa mengi. Serikali kutusahau, hilo wewe mwenyewe ulilizoea ukalifanyia mzaha. Lakini huyu alikuwa namba tatu. Huyu alilala kwenye mkeka wetu akiwa na malaria, na wewe ukamfukuzia nzi. Shukrani ya punda ni mateke, wanasema, lakini punda angalau hajui kuandika. Naelewa kwa nini alifanya hivyo. Amri ilikuwa akiba wasitumiwe, na angeandika ukweli angejiandikia barua ya kufukuzwa kazi. Kwa hiyo alichagua mshahara wake juu ya jina lako, akaona maiti haisomi. Alisahau kwamba maiti hii ina msomaji wake.

Yule mama wa ofisi alinisikiliza nilipomweleza ya fahali. Hakucheka. Alisema niandike sababu za kuchelewa, na nilete kitu kinachoonyesha kwamba uliitwa. Nikamwonyesha ujumbe wa simu. Aliusoma mara mbili, akasema huu ni mzuri, ila itafaa zaidi aliyeutuma akiri kwa maandishi kwamba ni wake. Niliporudi nyumbani nikamwambia Adeer yote. Alikwenda kukaa na ngamia mpaka adhuhuri ya siku ya pili.

Tangu siku hiyo naiweka simu yako ikiwa na chaji, nisije nikaupoteza ujumbe. Jumanne iliyopita, shule zimefungwa tena na sisi tuko uwanjani, ililia. Kwenye kioo palikuwa na namba tatu.

Nilidhani ameungama, Aabo. Kweli nilidhani hivyo. Akasema pole Mwalimu, namba ya Hassan sina, niliyo nayo ni hii ya Mzee. Barabara ya juu imekatika tena. Je, Hassan anaweza kutuonyesha ya chini?

Nilimwambia aje.

Hooyo aliposikia gari limesimama, safari hii limesimama kweli, alikimbilia ndani. Nilisikia boksi linachanwa. Alidhani ni wajumbe. Sikuweza kumwambia. Alitoka na zile glasi kumi na mbili kwenye sinia, zimeoshwa, zinadondosha maji, na langoni alikuwa Koplo Wekesa na dereva mmoja.

Adeer Hassan alikuwa amekwisha kuvaa kofia yake nzuri. Nilifikiri atapanda gari. Kwa jinsi alivyo angepanda, maana na yeye haachi wageni wapotee mlangoni. Lakini alimwambia Koplo kwa Kiswahili chake, "Andika kwanza. Jina yangu, na jina ya ndugu yangu. Kwamba unatuita wewe. Halafu tutaenda."

Yule aliyenikataza kuandika.

Nilichana karatasi kwenye daftari la maandalizi ya masomo, nikamwekea Koplo juu ya jerikeni lako, nikampa kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi. Alichutama. Aliandika tarehe juu, upande wa kulia, vizuri kabisa. Halafu akakaa ameshika kalamu. Mwisho akasema, "Mwalimu, hii itanirudisha kwetu. Nina watoto." Nikamwambia hata Mzee alikuwa nao. Akaweka kalamu chini taratibu, kana kwamba ni mali ya mtu mwingine, akainuka. Chai hakunywa. Hooyo alibaki na sinia lake, akaniuliza kwa Kisomali kama wale wengine wako nyuma. Nilimwambia hakuna wengine.

Adeer hakwenda nao. Lakini alichechemea mpaka dirishani kwa dereva, akamweleza njia: apite kushoto kwa vichuguu, asiingie laga pale penye alama mpya za matairi, avukie juu zaidi penye mawe. Alimweleza mara mbili, akamtaka airudie. Bure, Aabo, kama kawaida yenu. Nilikasirika, kisha nikaona ungefanya hivyohivyo, na dereva alikuwa hajatukosea lolote. Alasiri walirudi salama. Nilisema alhamdulillahi na nilimaanisha.

Karatasi ninayo. Ina tarehe tu, nyekundu, kwa mwandiko unaolala upande mmoja. Ndiyo maandishi ya pekee waliyowahi kuleta nyumbani kwetu kwa ajili yako tangu ututoke. Jumatatu naipeleka Garissa pamoja na simu na barua yangu ya kueleza kuchelewa. Adeer amesema atakuja. Amekubali hata kushika fimbo, kwa sababu ngazi za ofisi ile ni nyingi. Nilimuuliza atasema nini mbele ya yule mama. Akasema, "Nitamwambia tuliwangoja kama watu."

Sijui kama watatusikia. Sitakudanganya, hukunisomesha nikudanganye. Huenda wakasema muda umepita, na huenda wakasema mtu wa kujitolea hana mwajiri hata akifa mikononi mwa aliyemwita. Nitakwenda tena. Na hakuna mtu wa nyumba hii atakayepanda gari lao kabla hawajaandika na mimi sijasoma, neno kwa neno, mpaka chini kwenye sahihi. Hilo nakuahidi mbele ya Mungu.

Chumvi tuliwapa ngamia. Nilimkumbusha Hooyo siku ileile, kabla habari haijafika.

Pumzika, Aabo. Lifti hukuomba. Uliitwa, na mimi ndiye niliyekusomea.

Binti yako,
Halima